Ushuhuda Uliopita Mikindani

Mikindani, bandari ya pembe na watumwa katika enzi ya Masayidi wa Unguja, mji wa misikiti na masharifu, ulipokea mwezi wa Machi 1866 msafara wa ajabu: ngamia 6, nyati wa Bara Hindi 3, nyumbu 2 na punda 4 wakishushwa kutoka jahazini, na pamoja na msafiri Mzungu David Livingstone vijana waliopata kuwa watumwa, akiwamo Chuma, Myao aliyefunguliwa minyororo mwaka 1861 na kubatizwa Bombay kabla ya safari hiyo. Wasimulizi wengi humtukuza Mzungu. Mimi naona hao vijana ndio walioibeba habari nzito zaidi, kwa kuwa walipitia ile ile njia ambayo wenzao waliishuka shingo zikiwa ndani ya makongwa.

Vijana hao hawakuwa wa mwisho: mwaka 1876 Askofu Steere aliwapeleka watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, kwa njia ya Lindi, wakafanya makao Masasi. Tangu 1886 Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, alihubiri Chitangali, bara ya Mikindani, miongoni mwa watu wa kabila lake; naye mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni ya Steere. Matuka, chifu wa huko mwenye cheo cha Nakaam, alibatizwa kwa jina la Barnaba. Kabla ya hoja yoyote ya dini, wasikilizaji wa Majaliwa walimwona mbele yao mtu aliyepotea, na sasa amerejea, akiwaeleza kwa Kiyao ni nani aliyemwokoa.