Tahajia ya Majina na Utafutaji wa Nasaba: Mfano wa Lubunga, Kisangani

1.0 Utangulizi

Lubunga ndiyo pekee kati ya wilaya sita za mji wa Kisangani iliyoko ukingo wa kushoto wa Mto Kongo. Hapo ndipo inapoanzia reli ya Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906, wakati Ubundu ukiitwa Ponthierville na Kisangani ikiitwa Stanleyville. Reli hiyo iliunganisha mji na njia ya Maniema, ambako Kiswahili kilikwisha kutangulia pamoja na misafara ya Waungwana. Katika hati za eneo hili jina moja huonekana kwa sura kadhaa: Juma na Djuma, Rashidi na Rachidi, Musa na Moussa. Makala haya yanatoa hoja kwamba tofauti hizo hueleza zaidi mkono ulioandika kuliko damu ya aliyeandikwa.

2.0 Mikono Mitatu ya Uandishi

Mkono wa kwanza ni wa hati za Kiarabu. Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi, mzaliwa wa Unguja, aliteuliwa gavana wa Maporomoko ya Stanley mwaka 1887. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akayahamishia katika hati za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kuwa hati za Kiarabu kwa kawaida haziandiki irabu fupi, wala hazitofautishi *e* na *i*, Hamed huweza kusomwa Hamid, na mwanawe aliyeuawa vitani mwaka 1893 huitwa Sef, Sefu au Seif.

Mkono wa pili ni wa wasafiri na maofisa wa Ulaya, walioandika walichodhani wamekisikia. Lakabu ya gavana huyo ikawa Tippu Tip, Tippo Tip na Tippoo Tib. Mwinyi Mohara wa Nyangwe aliandikwa Munie Mohara. Mjukuu atakayetafuta ukoo wa "Munie" atakuwa anafuata cheo akidhani ni jina.

Mkono wa tatu ni wa karani wa utawala wa Kibelgiji, aliyefuata matamshi ya Kifaransa: *j* ikawa *dj*, *sh* ikawa *ch*, *u* ikawa *ou*, na *ch* ikawa *tsh*. Jina la mkoa wenyewe, Tshopo, ni ushahidi wa desturi hiyo. Kwa hiyo Juma na Djuma huenda wakawa mtu mmoja. Na akina Djuma wawili huenda wasihusiane hata kidogo, kwani jina hilo hupewa yeyote aliyezaliwa siku ya Ijumaa.

3.0 Jina si Damu

Mnyororo wa *bin* hutaja baba, babu na wazazi wa nyuma yao. Daftari lililobakiza jina moja tu liliukata mnyororo huo. Tena, kwa desturi ya sehemu nyingi za Kongo, ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina tofauti kabisa.

Zaidi ya hayo, Waungwana wengi walikuwa wenyeji wa Maniema na nchi jirani waliopokea dini, mavazi na majina ya pwani. Ngongo Lutete, aliyeandikwa pia Gongo Lutete, alitekwa utotoni, akawa jemadari wa Tippu Tip, kisha akauawa na maofisa wa Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Kufuata bendera ya bwana hakukumfanya awe wa nasaba yake.

Serikali nazo zilibadili majina. Watoto wa mama Waafrika na baba Wazungu walitengwa na mama zao, na baadhi yao wakabadilishiwa majina; Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2019, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliihukumu kulipa fidia wanawake watano. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu nao uliamuru majina ya Kikristo yaachwe. Hivyo babu, baba na mwana wa nyumba moja huweza kuonekana katika daftari kama watu baki.

4.0 Hitimisho

Mtafiti hana budi kuanza kwa wazee walio hai: aulize mnyororo wa vizazi vitatu, jina la mama, na mahali familia ilikotoka. Ndipo aorodheshe sura zote za jina na kuzitafuta katika hati. Jina likilingana bila mama wala mahali kulingana, nasaba haijathibitika.

Jambo hili si la udadisi tu. Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliomwaga damu Lubunga mwaka 2023, ulionyesha uzito wa swali la nani ni mwenyeji. Pale ambapo jibu la swali hilo huamua nani alime na nani ahame, herufi moja ya karani haifai kuwa shahidi wa pekee.