Tarehe na Nukta ya Wakati: Historia Fupi ya Dhana Mbili

Miongoni mwa maneno ambayo mtafsiri huyapita bila kusita ni neno tarehe. Tumelipokea kutoka Kiarabu, ambamo hutaja siku iliyoandikwa na pia historia yenyewe. Siku hizi neno hili limeingia katika kompyuta, na humo limezua taabu: kumbukumbu iliyoandikwa kuwa ni ya siku fulani husomwa kwingine kuwa ni ya siku iliyotangulia. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo si la mashine peke yake. Asili yake ni dhana mbili zilizobebeshwa neno moja.

Wasemaji wa Kiswahili si wageni wa kazi ya kugeuza wakati. Mkono wa saa ukielekea 7 asubuhi, sisi husema saa moja, yaani tarakimu iliyo mkabala nayo, kwa kuwa tunahesabu tangu kucha. Hesabu hiyo inaafiki nchi zilizo karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Katika juma letu nazo zimo hesabu mbili. Jumatano ni siku ya tano tukianzia Jumamosi. Alhamisi nayo ni ya tano kwa Kiarabu, ambacho huanzia Jumapili. Hali kadhalika, katika mapokeo ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, ilhali siku ya ofisini huanza saa sita ya usiku. Ndiyo maana tunalo fungu la maneno lenye manufaa makubwa: usiku wa kuamkia Jumanne. Mtafsiri anayeandika “usiku wa Jumanne” tu humwacha msomaji katika shaka.

Saa ya serikali nayo ni mapatano. Mwaka 1884 mkutano uliofanyika Washington ulipendekeza mstari wa Greenwich, Uingereza, uwe chanzo cha kuhesabia longitudo. Leo Tanzania nzima iko saa tatu mbele ya Greenwich. Lakini jua halifuati mapatano hayo: hufika utosini Musoma karibu dakika 22 baada ya kufika utosini Dar es Salaam, na kwa wastani huko Musoma adhuhuri ya jua huwa karibu saa sita na dakika 45. Tumekubali tofauti hiyo ili nchi iwe na saa moja.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Kompyuta kuu inayohifadhi kumbukumbu huitwa seva; programu iliyo mbele ya karani huzipeleka na kuzipokea. Mifumo mingi hutunza wakati kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, yaani saa tisa ya usiku kwa saa za Tanzania. Hesabu hiyo hutaja nukta ya wakati, nayo ni moja duniani kote.

Tuchukue tarehe inayojulikana na wote. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, siku ya Alhamisi. Karani aliyeko Iringo, mjini Musoma, akiiandika tarehe hiyo, programu huweza kuiongezea saa ambayo hakuiandika, saa sita ya usiku, kisha ikaigeuza kuwa saa ya Greenwich. Kwa kuwa Butiama iko mashariki ya Greenwich, huko bado ni usiku wa tarehe 12. Seva ikihifadhi siku tu na kuitupa saa, Alhamisi imekwisha kuwa Jumatano.

Si jambo dogo. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Januari huandikwa kuwa ni wa mwaka uliopita. Hati ya malipo ya tarehe 1 Julai huangukia tarehe 30 Juni, yaani mwaka mwingine wa fedha za serikali. Mwenye cheti huonekana mwongo, ilhali hakusema uwongo.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili. Tarehe ya kalenda iwe jina la siku, kama ya kuzaliwa au ya sikukuu. Haina saa, wala haigeuzwi inaposafiri. Ipelekwe kama ilivyoandikwa, kwa mpango wa mwaka, mwezi na siku uliowekwa na kiwango cha kimataifa ISO 8601 cha mwaka 1988: 1922-04-13. Nukta ya wakati iwe tukio lenye saa yake, kama kupokelewa kwa fedha. Hiyo ihifadhiwe kwa saa za Greenwich na kugeuzwa pale tu inaposomwa. Neno nukta linafaa, kwani tangu zamani limetumika pia kwa maana ya sekunde.

Mtafsiri wa fomu na mwongozo wa programu asitosheke na neno tarehe. Aulize kwanza: je, tunataja siku, au tunataja nukta? Fundi akishakuta maneno mawili katika mwongozo, hatakuwa na sababu ya kuviweka vitu viwili katika chombo kimoja.