IBPSA: wanaojitolea ili darasa lisiwe tanuri

Chukua ramani moja ya darasa, paa la bati, halafu lijenge mara mbili: Tunduma na Ivuna. Zote ni mkoa wa Songwe, ila Tunduma iko juu, asubuhi watu wanavaa sweta. Ivuna, wilayani Momba, iko bondeni upande wa Ziwa Rukwa. Saa saba mchana, chini ya bati lisilo na dari, mwanafunzi anapepea daftari badala ya kuandika.

Tofauti hiyo inaweza kujulikana kabla ya tofali la kwanza. Programu ya kompyuta hupewa ramani, aina ya ukuta na paa, na hali ya hewa ya saa zote 8,760 za mwaka, kisha hukokotoa joto la ndani. EnergyPlus, ya Wizara ya Nishati ya Marekani, inapakuliwa bure.

Wataalamu wa kazi hii wana chama cha kimataifa, IBPSA, kilichoanzishwa 1987. Kinategemea wanaojitolea: kukaa kwenye bodi, kupitia makala, kuandaa mkutano wa kila miaka miwili ulioanza 1989. Wanafunzi nao wana shindano lao.

Lakini programu huamini inachopewa. Ukiipa takwimu za Mbeya mjini, itakuambia darasa la Ivuna liko poa tu. Hapo ndipo mtu wa Songwe anaweza kujitolea bila hata kupanda ndege: kipimajoto cha kawaida ukutani, kisomwe kila siku mwaka mzima, majibu yalinganishwe na ya kompyuta.