Bustani ya Shirika na Tarehe 29 Septemba

Tulipotakiwa kuandika habari za bustani yetu ya mboga katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka 10, tuliona vema tuanzie mbali, yaani Uingereza. Msomaji atatambua sababu.

Huko watu wasio na mashamba hukodishwa na halmashauri vipande vya bustani vilivyo pamoja, kila kimoja kwa desturi kama mita za mraba 250. Kwa sheria ya mwaka 1908, wapiga kura au walipa kodi 6 tu waliweza kupeleka maombi, nayo halmashauri ikalazimika kuyafikiri. Vita ilipozuka mwaka 1939, Serikali ilihimiza vipande nusu milioni zaidi.

Kazi iliyo nzito huja majani yapukutikapo, Septemba hadi Novemba. Viazi huchimbwa na kuwekwa gizani. Maharage hukatwa mashina, mizizi ikaachwa udongoni. Takataka hulundikwa zioze. Chokaa hutiwa patakapokuwa kabichi, kwa ajili ya ugonjwa wa kuvimba mizizi. Kisha udongo mzito hulimwa na kuachwa mabonge makubwa, maana jalidi huingia ndani yake na kuyavunja. (Sisi huyavunja kwa jembe, na mgongo hujua.) Vitunguu saumu hupandwa wakati huo, navyo huvunwa mwaka wa pili.

Basi afanyaye kazi hizo hapati kitu mpaka mwakani. Sheria ya 1922 ilitambua hayo: notisi ya kumwondoa mpangaji isipungue kwa kawaida miezi 6, tena iishe kabla ya tarehe 6 Aprili kupita, au kuanzia tarehe 29 Septemba, mazao yasije yakaachwa ardhini. Mwaka 1950 miezi ikawa 12.

Mwaka wa tatu wa Chama tulikodi bonde kwa maneno ya mdomo tu. Tulibeba samadi kichwani majuma manne. Kabichi zilipoanza kufunga, mwenye shamba akatupa siku 14 tuondoke. Wanachama walimlaumu yeye. Lakini sisi ndio tulioshika kalamu, wala hatukuandika.

Hati ya bustani ya sasa yataja notisi ya miezi 6, isiishe kabla ya mavuno. Nayo yamalizika mwakani. Halmashauri ya Chama imekwisha kuanza mazungumzo, na twadai 12.