Maandalizi ya Uso wa Chuma katika Historia ya Mipako ya Fosfeti kwenye Bunduki, 1906–1945

Historia ya mipako ya kuzuia kutu kwenye bunduki imezoeleka kusimuliwa kupitia hataza. Simulizi huanza mwaka 1906, Thomas Watts Coslett wa Birmingham alipolinda kisheria njia yake ya kuchemsha chuma katika asidi ya fosforiki iliyotiwa unga wa chuma. Kisha huruka hadi Detroit, ilikoanzishwa mwaka 1915 kampuni ya Parker iliyoipa njia hiyo jina lake. Insha hii inashikilia kwamba simulizi hilo limeacha nje kazi iliyoamua iwapo mpako ungedumu, yaani usafishaji wa chuma kabla ya kuingizwa birikani.

Mpako wa fosfeti haupakwi kama rangi. Humea kutokana na chuma chenyewe. Asidi hula uso wa chuma, ukali wake hupungua papo hapo, na fuwele za fosfeti hutulia mahali hapo. Penye grisi, hata alama ya kidole, asidi haigusi chuma na fuwele hazimei. Kwa hiyo kila kipande kiliondolewa mafuta, kisha kikapulizwa mchanga hadi kikawa na mkwaruzo wa sare. Mkwaruzo huo ndio ulioipa bunduki sura ya kijivu isiyong'aa, ambayo mara nyingi husifiwa kana kwamba ilitokana na kemikali peke yake.

Njia ya kale ya kutia weusi ilikuwa na subira zaidi. Fundi aliacha mtutu ushike kutu kidogo, akauchemsha, akausugua kwa brashi, akarudia kwa siku kadhaa. Doa la mafuta lilijitokeza mapema na likarekebishwa. Birika la fosfeti halikutoa nafasi hiyo, kwani kasoro ilionekana kazi ikiwa imekwisha. Katika bunduki ya M1, iliyoidhinishwa na Jeshi la Marekani mwaka 1936 na kutengenezwa takriban milioni 4 kufikia 1945, kasi hiyo ilikuwa faida na hatari kwa pamoja.

Hata uliopikwa vyema, mpako huo una vinyweleo. Ukiachwa mkavu, unyevu hupenya; ukinyweshwa mafuta, huyashika kuliko chuma laini kinavyoweza. Uimara uliosifiwa kwa hiyo ulikuwa nusu wa kiwandani, nusu wa askari na kitambaa chake cha mafuta.

Silinda ya gesi ya M1 inathibitisha hoja hii kwa njia ya kinyume. Ilitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa mabaki ya fataki za wakati huo yalikula chuma cha kawaida. Lakini chuma hicho hakiliwi kirahisi na asidi, hivyo fosfeti haikumea juu yake. Viwanda vililazimika kukitia weusi kwa njia nyingine. Weusi huo ulichakaa upesi, na silinda ikabaki iking'aa chini ya mdomo wa mtutu, huku sehemu nyingine za bunduki zikiwa bado za kijivu.