Kutoka Ngozi Hadi Damu: Historia ya Viashiria vya Melanoma, 1965–2018

Historia ya vipimo vya damu katika saratani ya ngozi huelezwa mara nyingi kama safari ya maendeleo yasiyokatika: tabibu alianza kwa jicho, akafika kwenye hadubini, kisha kwenye damu. Mfuatano wa matukio hauungi mkono simulizi hiyo. Damu haikurithi kazi ya hadubini. Ilipewa kazi nyingine.

Wallace Clark alipoainisha melanoma mwaka 1969 kwa tabaka za ngozi ilizopenya, na Alexander Breslow alipoupima unene wake kwa milimita mwaka 1970, wote wawili walichunguza kipande cha ngozi kilichokwisha kukatwa. Kipimo cha Breslow hakijaondolewa mahali pake na kiashiria chochote cha damu.

Protini ya S100 iliingia kwa njia ya pembeni. Blake Moore aliitenga mwaka 1965 kutoka ubongo wa ng'ombe, na jina lake latokana na kuyeyuka kwake katika myeyusho wa amonia salfeti uliokolea kwa asilimia 100. Ilihusishwa na mfumo wa neva hadi mwaka 1980, ilipobainika katika seli za melanoma. Si ajabu, kwani seli za rangi na baadhi ya seli za neva zina asili moja katika kiinitete. Miaka ya 1990 ilipimwa kwenye seramu, na Ujerumani na Uswisi zikaitumia kufuatilia wagonjwa.

Hata hivyo, kiashiria kilichoingizwa katika mfumo wa hatua wa Kamati ya Pamoja ya Marekani ya Saratani, toleo la sita la mwaka 2002, kilikuwa kimeng'enya cha laktati dihidrojenesi. Kimeng'enya hiki si cha melanoma hasa. Hupanda ini linapougua, misuli inapoumia, hata chembe nyekundu zinapopasuka ndani ya chupa ya sampuli. Kwa maoni yangu, upatikanaji wake ulichangia sana: maabara za hospitali zilikuwa zikikipima tayari, hivyo ushahidi kwamba wagonjwa wenye kiwango cha juu hufariki mapema ulikusanyika kwa wingi. Lakini hupanga wale tu ambao saratani yao imekwisha kusambaa mbali. Hapo damu haigundui, inatabiri.

Ugunduzi wa mapema ulijaribiwa kwa njia nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edith Cowan, Australia, walitangaza kipimo cha kingamwili 10 kilichotambua asilimia 79 ya wenye melanoma ya awali na kuwaondolea shaka asilimia 84 ya wasio nayo. Tuchukulie watu 1,000, watano wakiwa wagonjwa: kipimo kitawapata wanne, na kuwatia hofu bure watu wapatao 159.

Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki, suala zito zaidi ni miili iliyojenga maarifa haya. Watu wenye ualbino nchini Tanzania huugua zaidi saratani ya seli bapa, ambayo S100 haikukusudiwa kuipima. Melanoma ya watu weusi huota mara nyingi kwenye wayo, na mabadiliko ya jeni ya BRAF, yanayotafutwa sasa katika DNA inayoelea kwenye damu, ni machache humo kuliko katika melanoma za ngozi nyeupe iliyochomwa na jua.