Abushiri wa Pangani

Mimi mzima, ni joto la Maskati tu ndilo linalonitoa roho.

Leo sina habari za wodini. Nataka kuwaandikia habari za mtu wa kwetu ambaye jina lake nalisoma kila siku kazini. Siyo yeye mwenyewe jamani, alishakufa zaidi ya miaka 130! Nasema jina la kabila. Huku ukishika mafaili ya wagonjwa hukosi Al Harthy mmoja. Ni kabila kubwa, asili yao Sharqiyah, upande wa Ibra, na wengi walishuka pwani yetu kwa majahazi. Abushiri bin Salim al-Harthi alitokana na hao, ila alikuwa mtu wa Pangani, mwenye mashamba ya miwa, na inaelezwa mama yake alikuwa Moromo.

Shuleni tulikariri "Vita vya Abushiri, 1888 hadi 1889" kwa ajili ya mtihani, basi. Na Wadachi wenyewe waliviita uasi wa Waarabu. Hapo ndipo ninapokataa.

Angalieni mambo yalivyokwenda. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia saini kuwapa kampuni ya Wadachi utawala wa pwani ya Mrima kwa miaka 50. Watu wa pwani hakuwauliza. Agosti mwaka huohuo akafika Pangani mtu wa kampuni, Emil von Zelewski, akaishusha bendera ya Sultani kwa msaada wa askari wa manowari. Inasimuliwa kwamba aliingia msikitini na mbwa, na ilikuwa siku za Idd Kubwa! Watu wakamfungia ndani ya nyumba, hadi akaja kuokolewa na Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani. Naye Mathews watu hawakumtaka, akaondoka.

Sasa, Abushiri hakuwa mtu wa Sultani hata kidogo. Waharthi na ukoo wa Busaidi walikuwa na ugomvi wa zamani, tangu 1859 walipomuunga mkono Barghash dhidi ya kaka yake Majid. Kwa hiyo alipochukua uongozi hakuwa anampigania Sultani. Na waliopigana hawakuwa Waarabu peke yao. Saadani alikuwepo Bwana Heri na Wazigua wake, Bagamoyo Washomvi na Wazaramo, na Kilwa wakainuka wenyewe. Utawaitaje wote hao Waarabu?

Kuna kisa kimoja nakipenda. Mwaka 1888 Abushiri aliwakamata Wazungu wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, akawafunga minyororo na kuwaachia baada ya kulipwa rupia 10,000. Meyer ni yuleyule aliyefika kilele cha Kilimanjaro Oktoba 1889! Nadhani mwalimu wetu hakulijua hilo, maana angetusimulia.

Ila tusimfanye malaika. Miwa ile ililimwa na watumwa. Na Januari 1889 wapiganaji walishambulia misheni ya Pugu na watu wakauawa. Nilipomsimulia mwenzangu mmoja kazini alinijibu, "Sasa huyo shujaa wa nani?" Swali limenikaa kichwani, kwa sababu babu za wengine kati yetu ndio waliokuwa wakilima ile miwa. Mimi bado nasema alipigania mji ambao ni wetu pia, na hao babu zetu nao lazima watajwe katika habari yake.

Bunge la Wadachi likatoa marki milioni 2, akaja Hermann Wissmann na askari Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Mei 1889 waliivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo, Julai wakaichukua Pangani. Akakimbilia bara, akaishambulia Mpwapwa, akarudi na wapiganaji wapya, wakashindwa tena. Mwisho jumbe mmoja alimtoa kwa Wadachi. Wakamnyonga palepale Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye hakufika mbali, Wahehe walimuua Lugalo mwaka 1891.

Wissmann alijengewa sanamu Dar es Salaam. Waingereza wakaiondoa, ikaishia Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa hukohuko Ujerumani wakaiangusha. Abushiri alibaki kwenye utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy kuhusu vita vya Wadachi, ulioandikwa kwa Kiswahili chetu.

Ombi langu: wazee wa Pangani wakiwa bado na nguvu ya kusimulia, kaeni nao mrekodi kwa simu, hasa habari za watu wa mashambani, kisha mnitumie. Shangazi, naanza na wewe! Haya, naingia zamu ya usiku. Wasalaam.